Kuitengeneza Nyumba Kongwe

Kujenga nyumba mpya ni kazi kubwa, wala hapana atakayelikana neno hilo. Lakini iko kazi nyingine inayoipita, nayo ni kuitengeneza nyumba kongwe hata ikakalika tena. Mwenye kujenga nyumba mpya huanza na kiwanja kitupu. Akitaka mlango utazame mashariki, utatazama mashariki. Akitaka chumba kipana, atakipata madhali fedha anazo. Mwenye kuitengeneza nyumba kongwe hukuta mambo yamekwisha amuliwa na watu walioaga dunia zamani. Kuta zina tabia zake, dari ina maradhi yake, na kila jiwe atakaloling'oa liko jiwe jingine linalolitegemea. Hana budi kusikiliza kwanza, kisha ndipo ashike mwiko. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliurithi ufa na ukuta pamoja, na katika insha hii nitaeleza jinsi nilivyoshindana na vyote viwili kwa muda wa miaka mitatu.

Nyumba yenyewe iko katika mji wa Lamu, upande wa Mkomani, katika kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawawezi kupishana. Mji huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na moja katika sababu zake ni nyumba za namna hii, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukiingia kwetu hupita kwanza daka lenye baraza mbili za kukalia wageni, kisha tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, ambacho huleta mwanga na upepo. Baada ya kiwanda huja misana miwili, mmoja nyuma ya mwingine, halafu chumba kiitwacho ndani, chenye ukuta uliojaa zidaka. Kuta zina unene wa karibu nusu mita. Wageni huuliza kwa nini vyumba vya Lamu ni virefu lakini vyembamba. Jawabu ni kwamba upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti, na boriti ya mkoko haifai kuvuka nafasi inayozidi mita tatu hivi huku ikibeba dari ya mawe. Kwa hiyo mti wa pwani ndio uliowapimia wazee wetu vyumba vyao.

Mlango wetu ni wa mbao zilizochongwa, wenye mfaa wa maua katikati, na watalii walizoea kusimama mbele yake na kupiga picha. Lakini nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aliyefungua akaingia aliona mambo mengine. Wazazi wangu walikuwa wamehamia katika nyumba ndogo ya kupanga upande wa Langoni tangu dari ya chumba cha ndani ilipoanguka. Vyumba vya mbele vikakodishwa, na mpangaji mmoja akavifanya ghala. Popo wakatawala misana, na mtini mwitu ukaota juu ya ukuta wa kiwanda, ukapenyeza mizizi yake baina ya mawe kama mtu anayeingiza vidole katika mfuko wa mwenziwe.

Baba alifariki mwaka 2016. Tulipokutana kugawana mirathi tulikuwa warithi watano: mama mwenye thumuni yake, kaka yetu mkubwa, dada zetu wawili, na mimi kitinda mimba. Kaka alisema nyumba iuzwe. Asidhani msomaji kwamba kaka yangu hakuipenda nyumba ya baba yake. Alikuwa na watoto watano shuleni, na fungu lake lingemtoa katika taabu ya karo. Isitoshe, alikuwako mnunuzi kutoka mbali aliyekuwa tayari kulipa fedha taslimu. Dada zangu walinyamaza, nao kunyamaza kwao kulikuwa karibu na kukubali.

Ndipo mama akanena. Macho yake yalikuwa yamepungua nuru mwaka hata mwaka, na wakati huo alikuwa akitofautisha mwanga na giza tu. Alisema, "Wanangu, katika nyumba ya Langoni mimi ni kipofu. Kila siku najigonga. Lakini nyumba yangu naijua kwa mkono. Najua daka lina hatua ngapi, najua kidaka cha tatu ndimo nilimokuwa nikiweka taa, najua ufa ulioko karibu na mlango wa choo. Mkinirudisha kule, nitaona."

Hapana aliyejibu kwa muda. Kisha kaka, ambaye ni mtu wa haki, alitoa shauri. Nyumba isiuzwe kwa miaka mitatu, kuanzia Januari 2017. Ikiwa kufikia mwisho wa mwaka 2019 inakalika na mama amehamia, basi nitaichukua mimi na kuwalipa wenzangu mafungu yao polepole. Ikiwa haikalikani, itauzwa, wala pasiwe na lawama baina yetu. Nikakubali. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya sekondari barani, nami ningali katika kazi hiyo hata leo. Sikuwa na muda ila wa likizo: mwezi wa Aprili, mwezi wa Agosti, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Kila likizo nilipanda basi hata Mokowe, nikavuka kwa mashua, na kesho yake alfajiri nikawa kazini. Mshahara wa mwalimu unajulikana. Niliununulia daftari, nikaandika kila senti niliyoitoa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku ya kwanza nilimwita fundi mzee ambaye baba yake aliwahi kuitengeneza nyumba hii hii. Hakugusa kitu. Alizunguka chumba baada ya chumba akiwa na kijiti mkononi, akizigonga kuta na kutega sikio kama tabibu anayepima kifua cha mgonjwa. Alipofika katika vyumba vya mbele alisimama. Mpangaji yule alikuwa amezipaka kuta zile saruji toka chini hadi kimo cha mtu, ili zipendeze na zisitoe vumbi. Kwa macho zilikuwa ndizo kuta nzuri kuliko zote. Fundi alizigonga, zikalia kama debe tupu.

"Mwalimu," alisema, "ukuta huu umefungwa pumzi."

"Vipi, mzee wangu?"

"Jiwe la matumbawe hunywa maji kutoka ardhini, na chokaa huyaachilia yatoke kwa hewa. Ukuta wa chokaa hupumua. Saruji ni nzito, haimruhusu maji kutoka. Basi maji hukaa ndani pamoja na chumvi yake, na chumvi hulila jiwe taratibu. Bandua uone."

Nikabandua kwa patasi. Bamba la saruji lilitoka zima, na nyuma yake jiwe lilikuwa limegeuka unga. Ningeweza kulichota kwa kijiko. Nikafahamu kwamba kazi yetu haikuwa kupamba. Tulipaswa kwanza kuvua vazi lote lile, kuziacha kuta zikauke kwa miezi mingi, kuyatoa mawe yaliyooza na kuweka mengine, kisha kuanza upya kwa chokaa. Katika mwaka wa kwanza, basi, nyumba ilizidi kuwa mbaya. Majirani walipita wakachungulia, wakaona vifusi na kuta zilizo uchi, wakatikisa vichwa. Mmoja aliniuliza kama naijenga au naivunja. Nikamwambia kwamba wakati mwingine ni kazi moja.

Hapa nataka kuwaeleza wanafunzi habari ya chokaa, maana ni elimu ambayo mabibi na mababu walikuwa nayo pasipo kuingia katika maabara. Matumbawe hupangwa juu ya kuni katika tanuri na kuchomwa kwa moto mkali. Moto huo hufukuza hewa iitwayo kaboni dioksidi iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe, na jiwe hubaki jepesi, jeupe, lenye njaa ya maji. Likimwagiwa maji huchemka kwa hamaki, hutoa mvuke, kisha huvunjika na kuwa uji mweupe laini. Uji huo huachwa utulie kwa siku nyingi. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa mwema. Ukipakwa ukutani huanza kuivuta tena ile kaboni dioksidi kutoka hewani, na polepole hurudi kuwa jiwe. Basi jiwe huwa unga, na unga huwa jiwe. Lakini marejeo hayo hayataki pupa. Jua likiwa kali, chokaa hukauka kabla ya kugeuka, ikapasuka. Kwa sababu hiyo tulitundika magunia yaliyolowa mbele ya kuta mpya, na mpwa wangu mmoja akapewa kazi ya kuyanyunyizia maji asubuhi, adhuhuri na jioni. Siku moja alilalamika kwamba haoni ukuta ukibadilika. Fundi akamwambia, "Wewe nyunyiza, mwanangu. Kubadilika ni kazi yake."

Mawe tuliyaleta kutoka Maweni, katika kisiwa cha Manda, ambako huchimbwa na kuchongwa kwa mkono. Yalivuka kwa jahazi hadi ufukoni, kisha yakapanda kichochoroni juu ya migongo ya punda, kwani hapana gari liwezalo kupita katika mitaa yetu. Daftari langu linaonyesha mizigo 212 ya punda kwa muda wa miaka mitatu, ya mawe, mchanga na chokaa. Aliyezoea kuona lori likimwaga tani nyingi kwa mara moja atacheka. Lakini mzigo wa punda una fadhila yake: hukulazimisha kufikiri kabla ya kuagiza, na hukuzuia kuleta usichokihitaji.

Mwaka wa pili ulikuwa wa boriti. Tulihesabu boriti 46 zilizoliwa na mchwa au kuoza ncha zake ndani ya ukuta. Miti ya mikoko huuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na kila unene una jina lake: yapo mapau, yapo mazio, zipo boriti, na hata nguzo. Nilikuwa nimeweka akiba ya kununua korja mbili na boriti sita za ziada. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii nchini kote, na mikoko ikaingia katika amri hiyo. Wakataji wa Lamu walikosa riziki yao, na wajenzi tukakosa dari.

Sikuwa na sababu ya kuilaumu amri hiyo. Mito ilikuwa imepungua maji na misitu imekatwa kupita kiasi. Tena mkoko ni ngome ya pwani, huzuia mawimbi, na katika mizizi yake samaki hulea watoto wao. Lakini ilinibidi kutafuta njia, maana kalenda haikusimamishwa pamoja na mashoka. Fundi akanipeleka kwenye gofu moja ambalo mwenyewe alikuwa akiliondoa. Chini ya vifusi zilikuwamo boriti za miaka mingi, nyeusi kama kaa, ngumu hata msumari unapinda. Ncha zake zilikuwa zimeoza, bali katikati zilikuwa nzima. Tukazinunua, tukazikata ncha, na kwa kuwa zilipungua urefu hazikutosha kwa misana. Basi tukazitumia katika tekani na choo, ambako nafasi ni nyembamba, na boriti nzima zilizokuwamo huko tukazihamishia msanani. Mahali pengine tuliiacha boriti ya zamani, tukaiunga ncha yake na kuiwekea mti wa kuipokea ukutani. Kwa ujanja huo tukapata boriti 39. Saba zilizobaki zilingoja hadi mwaka 2019, wakataji wa Lamu waliporuhusiwa tena kuingia mikokoni.

Dari ikafuata. Juu ya boriti hupangwa vipande vyembamba vya matumbawe, kisha humwagwa kokoto na chokaa, na sakafu hiyo hupigwa kwa vipande vya mti siku baada ya siku hata ishikamane. Kazi hii yataka watu wengi wenye mikono inayokwenda pamoja. Lakini mwaka ule mafundi vijana walikuwa wakienda Shela, ambako nyumba za matajiri zilikuwa zikijengwa na ujira ulikuwa mara mbili ya niliyoweza kutoa. Sikuwalaumu, mkono mtupu haulambwi. Nilibaki na mzee fundi, vijana wawili waliokuwa wakijifunza kwake, na wapwa zangu watatu. Tulipiga sakafu kwa siku kumi na nane. Mikono ilitutoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, na mwisho ngozi ikakubali kuwa ngozi ya fundi.

Mwezi wa Agosti 2019 kaka alikuja kutazama. Ilikuwa imebaki miezi minne. Alipita kimya chini ya dari mpya, akagusa kuta zisizo na rangi, akaona chumba kimoja cha juu ambacho hatukukigusa hata kidogo. Kisha tukaketi barazani. Alisema, "Ndugu yangu, umefanya kazi ya kiume. Lakini nakuambia kama nduguyo mkubwa: fedha zako zimekwisha, mama amezidi kudhoofika, na mnunuzi ameuliza tena. Sitakuvunjia ahadi. Nataka tu ujue kwamba mimi nahesabu siku."

Nikamjibu, "Hesabu, kaka. Nami nazihesabu."

Usiku ule nililitazama daftari. Fedha zilikuwa zimekwisha kweli. Siku ya pili dada yangu mkubwa, yule aliyenyamaza siku ya mirathi, alikuja na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwamo fedha za bangili mbili alizoziuza. Nilipokataa kuzipokea alikasirika. "Sikukupa wewe," alisema, "nimempa mama dari." Ndugu msomaji, yako maneno yanayomfanya mtu aone haya kuchoka.

Likizo ya mwisho wa mwaka ikaja, na pamoja nayo mvua. Wakazi wa Afrika Mashariki hawajaisahau vuli ya mwaka 2019, jinsi ilivyonyesha kupita kiasi, ikafurika mito na kubomoa nyumba katika sehemu nyingi. Mimi nilikuwa na dari ambayo haijapata kuonja mvua kubwa. Usiku mmoja wa Novemba ilianza kunyesha baada ya sala ya isha, ikaendelea hata karibu na alfajiri. Nilikaa msanani na taa, pamoja na wapwa zangu na kila ndoo, karai na sufuria tuliyoipata. Tulisikia maji yakipiga juu kama watu mia wanaokimbia. Kila nilipoona kivuli darini nilidhani ni maji. Saa nane usiku tone la kwanza likaanguka, katika pembe ya msana wa nyuma, mahali ambapo sakafu mpya iliungana na ya zamani. Tukaweka karai. Tukangoja tone la pili mahali pengine, lisije. Palipopambazuka tulikuwa na karai moja iliyojaa nusu, na nyumba nzima kavu. Fundi alikuja mapema, akaitazama ile pembe, akacheka. "Tone moja," alisema. "Nyumba yangu mimi ilikuwa na manne."

Ikabaki rangi. Watu wengi walinishauri nipake rangi za madukani, zenye kung'aa, kwani huonekana haraka na hufunika ila. Lakini rangi iliyo kama ngozi ya mpira ingezifunga kuta pumzi tena, kama saruji ilivyofanya, na baada ya muda ingebanduka kwa unyevu. Tukapaka chokaa nyembamba kama maziwa, mkono baada ya mkono. Chokaa ina tabia ya ajabu ambayo humtia mwanafunzi wasiwasi: unapoipaka haionekani. Ukuta hubaki na kijivu chake kana kwamba umepaka maji matupu, na mtu mwenye pupa huongeza, akaongeza, hata ikawa nzito na kupasuka. Mwenye subira hupaka kidogo akaenda zake. Akirudi jioni hukuta ukuta umekuwa mweupe wenyewe. Tulipaka mikono mitano. Kwa mlango wa mbele nilitoa vumbi la miaka mingi katika kila ua kwa kijiti na kitambaa, nikaupaka mafuta, wala sikuongeza lolote.

Wakati wa kupaka niliwakataza wapwa zangu jambo moja. Walitaka kuziba ule ufa wa karibu na mlango wa choo. Fundi alikuwa amekwisha upima na kuona kwamba ni wa zamani na umelala, hauendelei. Nikawaambia tuujaze ndani upate nguvu, lakini mstari wake tuuache juu ya ukuta, uweze kuguswa. Hawakufahamu sababu yake, nami sikuwaeleza.

Tarehe 28 Desemba 2019 tulimleta mama. Alikataa kushikwa mkono kuanzia kizingitini. Alivua viatu, akagusa mwimo wa mlango, akapanda daka akihesabu hatua kwa sauti ndogo. Aliingia tekani, akapita kando ya kiwanda pasipo kusitasita, akaingia msanani. Kiganja chake kilikuwa kikiteleza ukutani wakati wote. Mahali fulani katika chumba cha mbele alisimama, akalipapasa jiwe na plasta, akasema, "Hapa si penyewe. Hapa ni papya." Alikuwa amegundua mahali tulipong'oa saruji na kuweka mawe ya Manda. Kisha akaongeza, "Lakini pamefanywa na mtu mwenye adabu." Mzee fundi, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, aligeuka akautazama ukuta mwingine kwa muda mrefu. Mama alikwenda mpaka kwenye mlango wa choo, kidole chake kikautafuta ufa, kikaupata. Hakusema neno. Jioni ile aliomba taa iwekwe katika kidaka cha tatu, ingawa hakuihitaji.

Kaka alikuwapo. Alitimiza ahadi yake bila kusukumwa, naye mnunuzi akajibiwa kwa heshima kwamba nyumba haiuzwi. Nami nikaanza kutimiza yangu. Mafungu ya ndugu zangu niliyalipa kidogo kidogo kwa miaka mitano, na la kaka nililitanguliza ili liingie katika karo za watoto wake. Nalisema hili kwa makusudi. Yako mapenzi ya urithi yanayosahau haki ya wenzako, nayo si mapenzi, ni unyang'anyi uliovaa kanzu. Mwenye kutaka kuihifadhi nyumba ya wazazi wake na awahifadhi pia watoto wa wazazi wale.

Vijana wasomaji, huenda mkauliza kama nyumba ile imekwisha. Chumba kimoja cha juu hakijaguswa hata leo, na mashariki ya kiwanda yako mawe yanayoningoja. Kila mwaka, mvua zinapokoma, huna budi kuzipaka kuta chokaa tena, kuitazama dari, na kung'oa kila mche wa mtini ungali mdogo. Zamani nilidhani kumaliza ni kufika siku ambayo hapana kazi iliyosalia. Sasa nafahamu kwamba nyumba isiyo na kazi ni nyumba isiyo na mtu. Tulichokimaliza katika miaka ile mitatu ni uharibifu. Utunzaji ndio kwanza umeanza, nao utawafikia wapwa zangu, ambao sasa wanajua kuzima chokaa na kuipima boriti kwa sikio.

Haba na haba hujaza kibaba. Nchi yetu ina nyumba nyingi kongwe, na si za mawe tu. Ziko lugha, ziko ufundi, ziko desturi za ujirani, ambazo dari zake zimeanza kuvuja. Atakayezitengeneza asianze kwa kupaka rangi inayong'aa juu ya ukuta uliooza. Na azigonge kwanza, asikilize, aondoe kinachoziba pumzi, akiache kilicho kizima, kisha apake kidogo kidogo, wala asikate tamaa kwa kuwa leo haoni weupe. Chokaa haionyeshi kazi yake siku ile ile.